Siwema Mbaruku: Daraja Uliloliacha Gatini

Mwaka umetimia, dada Siwema, tangu alfajiri ile uliyotuacha kimya kimya, wewe ambaye hukuwahi kufanya jambo lolote kimya kimya. Tulizoea kukusikia kabla ya kukuona: kwanza funguo za karakana, halafu futi kamba ikijikunja kwa kishindo, halafu sauti yako mlangoni ikiuliza nani kaacha ndoo kwenye njia ya watu. Sasa nyumba yetu ya Mtaa wa Mafia imetulia, na ndoo zinakaa popote zinapotaka. Utulivu huo hatujauzoea, na wala hatuna haraka ya kuuzoea.

Lakini leo hatukuandikii kwa machozi. Tuna habari ya kukupa, na ni habari njema. Mimi Ummy, mdogo wako, ndiye niliyekabidhiwa kalamu. Wengine wamekaa hapa ukumbini wakinisahihisha kila mstari, kwa hiyo ukiona mahali nimetia chumvi, ujue hawakuniona.

Ulikuwa mhandisi wa vyombo vya majini, ila injini hazikukusisimua. Wewe moyo wako ulikuwa kwenye ile hatua moja tu, hatua ya kutoka gatini kuingia botini. "Watu wanavuka bahari nzima salama," ulikuwa ukisema, "halafu wanaumia mlangoni." Ndiyo maana wewe na Mzee Devendra, katika karakana yenu ya mtaa wa Gerezani, hamkutengeneza kitu kingine zaidi ya madaraja ya kupandia boti na reli zake za kushikia. Wenzako uliosoma nao walikutania kwamba umesoma miaka yote ile ukaishia kuwa fundi wa ngazi. Ulicheka, ukawauliza mara ya mwisho walishika nini walipokuwa wakiteremka.

Wala kazi hukuiacha karakanani. Ukialikwa harusini, ulizitikisa kwanza reli za ngazi za ukumbi, ndipo ukaenda kumsalimia mama wa bibi harusi. Pale Msimbazi ukikuta kibao kimelazwa juu ya mtaro, ulivuka, ukarudi, ukavuka tena ukiwa umefumba macho, na vijana wa pale wakikushangaa uliwapungia mkono, "Mambo?" Shemeji Haruna, mume wako, alikusubiri ng'ambo huku amekushikia mkoba, akisoma habari za timu yake ya Jangwani. Wewe shabiki wa timu ya Msimbazi ulimvumilia na timu yake, naye akakuvumilia na vibao vyako, na ndoa ikasonga.

Ulikuwa na huruma isiyojitangaza. Maji yalipojaa Jangwani, uani kwetu pakajaa majirani wa huko na magodoro yao, na wewe ndiye uliyekuwa ukipika uji wa asubuhi. Kulikuwa na bibi mmoja wa kiti cha magurudumu. Kabla uji haujachemka ulikuwa umeshamtengenezea mteremko wa mbao kwenye kizingiti, ili asisubiri mtu wa kumnyanyua. Alipoondoka uliuacha mteremko ule palepale, na mpaka leo sote tunaupita.

Hiyo ya kunyanyuliwa ndiyo iliyokuuma zaidi maishani, na waliokufahamu wanajua ilianzia wapi.

Tulikuwa wasichana bado. Mama yetu, Bi Maimuna, alikuwa akipanda boti kwenda Unguja kumtazama dada yake, Mama Mkubwa Mwanakombo. Maji yalikuwa yamekupwa, daraja limeinama vibaya, na Mama mkono mmoja kashika kapu la zawadi. Akashuka vizuri tu, mkono wa pili kwenye reli. Tatizo ni kwamba reli ile iliishia pale gati linapoishia, na boti ilikuwa bado hatua moja mbele. Mama akaachia reli, akatafuta pa kushika, asipapate. Mguu ukaingia katikati ya gati na boti.

Hakuzama, alhamdulillahi. Mpagazi mmoja alimdaka, akamtupia mgongoni kama gunia la mkaa, akamrudisha gatini mbele ya umati mzima, baibui limepanda mpaka magotini. Yule kijana alimwokoa, na Mama alimwombea dua. Lakini mguu ulipona ndani ya wiki, heshima haikupona. "Siku nikienda tena Unguja, nitaingia kwa miguu yangu," alisema. "Kubebwa mgongoni na mwanamume mbele za watu, mimi basi." Ndege ndiyo hata usimtajie.

Kwa hiyo Mama Mkubwa akawa ndiye anayekuja huku, mpaka miguu yake nayo ikagoma. Wakabaki na simu. Watu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni, sasa kila mmoja anamwona mwenzake paji la uso tu kwenye kioo cha simu, kwa sababu wote wawili hawajui kuishika. Umri ukawa unasogea, na sote tuliogopa jambo moja ambalo hakuna aliyelitamka: kwamba mmoja wao atazikwa kabla hawajashikana mikono tena. Wewe ndiye uliyemwahidi. "Mama, nitakutengenezea njia utakayopita mwenyewe." Mama akakwambia, haya, nasubiri.

Ulipopata kazi ya kutengeneza daraja jipya la boti moja ya Unguja, ulikuja nyumbani ukiruka kama msichana wa shule. Kanuni yako ilikuwa moja, na uliirudia mpaka tukaichoka: mkono usiachie mpaka miguu yote miwili iwe ndani. Basi ukaichora reli isiyokomea gatini. Inasogea pamoja na daraja, inaingia mpaka ndani ya boti na kumpita abiria kidogo. Ukaongeza reli ya pili, ya chini, kwa ajili ya watoto na wazee waliopinda mgongo. Vichwa vyote vya nati ukavificha kwa chini, ili baibui lisinase.

Na ukauiba mchi wa Mama. Hakuna neno jingine, dada. Mama aliingia jikoni kutwanga bizari, kinu kipo, mchi haupo. Ukarudi nao baada ya siku kadhaa ukiwa na alama za chaki pale katikati, palipolika kwa kushikwa. "Hata mchi wangu umekuwa baharia?" Mama akauliza. Ukasema ulikuwa umeuazima mara moja tu, ukabadilisha mazungumzo. Mzee Devendra naye alilalamika wiki hiyo kwamba umeyakataa mabomba yote ya Gerezani, hili nene, lile nene, unataka jembamba ambalo hakuna anayeuza. "Siwema, watu wanapenda reli nene, inaonekana ina nguvu," alikwambia. Ukamjibu kwamba reli haitazamwi, inashikwa.

Halafu likaja lile jaribio la uani, ambalo tukilikumbuka mpaka leo tunashika mbavu. Ulilileta daraja zima nyumbani, ukaliegemeza kwenye jukwaa la zege la tangi la maji, ukamwagia maji ya sabuni. Mama ukamfanya mwamuzi. Alipandia ngazi za saruji za upande wa nyuma, ukamtandikia mkeka huko juu, akaketi. Ndugu na majirani tukaanza kupanda. Mmoja na ndoo, mwingine na godoro kichwani, Sejal, mkwe wa Mzee Devendra, na mtoto kiunoni. Kila aliyefika juu alisema, "Shikamoo, Bi Maimuna," akaitikiwa marahaba. Hakuna aliyeteleza. Ukampigia mwenye boti palepale kumwambia daraja limefaulu.

Siku ya kulijaribu gatini, baharia Isidori alitangulia na trei ya mayai, ndala zimelowa. Hatua ya pili tu, miguu ikamtangulia. Mkono wake mmoja ulibaki kwenye reli yako, ukamshikilia asianguke. Mayai ndiyo yaliyokwenda na maji. Ukasimama pale unakuna kichwa. Uani watu wamepanda na magodoro juu ya sabuni, hapa mtu mzima kateleza kwenye maji matupu! Ndipo ukainama ukamtazama miguu.

Sote tulikuwa tumevua viatu, dada. Ulitandika mkeka, ukamkalisha mtu mzima juu yake, unategemea nani apande na viatu? Hata Mzee Devendra alikuwa ameviacha viatu vyake vya ngozi pale chini, soksi ndani. Ulicheka mpaka ukakaa chini gatini. "Kumbe nimetengeneza daraja la kuingilia msikitini!" ukasema.

Kesho yake ulikwenda Mchikichini, ukarudi na gunia la viatu vya mitumba: visigino virefu, raba, kandambili, mabuti, vingine vya mguu mmoja bila mwenzake. Tukapandishwa upya, safari hii kwa amri ya kutovua hata ukimwona Mama kajifunika shuka la swala. Shemeji Haruna alipewa visigino virefu, na picha ipo. Palipoteleza, ulichora kwa chaki. Palipochorwa, ulichomelea vizuizi vya kukanyagia, vyembamba na vya karibu karibu, mpaka chaki ikakosa pa kuandika.

Daraja likafungwa. Watu wakapita maelfu, hawakujua wewe ni nani, na ulipenda hivyo. Ulisimama pembeni ukitazama mikono yao, si nyuso zao.

Ila Mama hakwenda. Mara goti, mara mvua, mara mwezi wa Ramadhani umekaribia. Mzee Devendra alikuja kumshawishi: "Bi Maimuna, chuma kile kinabeba ng'ombe."

"Basi apande ng'ombe," Mama akasema.

Mara moja ulifanikiwa kumfikisha gatini. Akalitazama daraja, akatazama maji, akageuka akarudi garini. Tulidhani utakasirika. Wewe ukamfungulia mlango, ukamwambia, "Halina haraka, Mama. Limechomelewa, haliendi popote." Wiki chache baadaye ukaanza kuumwa, na ugonjwa haukukupa muda. Siku ya maziko yako Mama Mkubwa alilia kwenye simu, huku Mama amekaa upande huu ameishika, kioo kikionyesha dari. Hilo ndilo lililotuuma kuliko yote. Ulikuwa umeondoka, na njia ipo, na mtu wako hajaipita.

Sasa habari yetu.

Mwezi uliopita tulianza kupanga hitima yako. Mama akatusikiliza wee, halafu akasema hitima haisomwi hapa. "Itasomwa kwa Mwanakombo. Alikosa kumzika mwanangu, hatakosa kumsomea." Tukaangaliana. Hakuna aliyethubutu kumuuliza atafikaje.

Tulikwenda Ijumaa iliyopita, ili tuiwahi hitima ya Jumapili. Maji yalikuwa yamekupwa, vilevile kama siku ile, daraja limeinama. Wapagazi wakasogea, na Isidori, ambaye bado yupo kwenye boti ile, akawaambia wakae mbali. Mama alivaa viatu vyake vya Idi. Alisimama pale juu muda mrefu, abiria wamejipanga nyuma yake, na Mungu awajalie, hakuna aliyemhimiza. Nilitaka kumshika kiwiko. Akanitoa mkono.

Akaishika reli yako, ile ya chini. Akatazama mkono wake. Akaukunjua, akaukunja tena, vidole vikakutana na gumba.

"Ummy," akaniita bila kugeuka. "Huu si mchi wangu?"

Nyuma yangu Mzee Devendra, aliyekuja kutusindikiza, akajibu. "Ndiyo, Bi Maimuna. Unene uleule. Siwema alisema hicho ndicho kitu pekee ambacho mkono wako hauwezi kukikosea, hata ukiwa na hofu."

Mama akaanza kushuka. Mguu, mguu, mkono ukiteleza juu ya chuma taratibu. Akapita pale gati linapoishia. Reli haikuisha. Akavuka ule mwanya, mguu wa kwanza ukaingia botini, wa pili ukafuata, na baibui halikunasa popote.

Akabaki amesimama pale ndani, mkono bado uko kwenye reli. Watu wakaanza kurundikana. Isidori akainama kwa adabu, akamwambia, "Bibi, umeshaingia. Miguu yote miwili iko ndani. Unaweza kuachia sasa."

"Ngoja kidogo, baba," Mama akasema. "Nimemshika mwanangu mkono."

Wakangoja, dada. Boti nzima ikamngoja.

Hitima yako imesomwa Unguja, na Mama na dada yake wamelala kitanda kimoja, wakigombea shuka. Mama hajasema atarudi lini. Tukimuuliza, anasema njia anaijua.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi ni mama yako, Bi Maimuna. Mume wako, Haruna. Watoto wako, Adamu na Mwanahamisi. Mama yako mkubwa, Bi Mwanakombo, wa Unguja. Mdogo wako, Ummy. Mwenzako wa kazi, Mzee Devendra, pamoja na Sejal na familia yao yote. Isidori na mabaharia wenzake. Na majirani wa Mtaa wa Mafia, ambao sasa wanaacha ndoo popote.

Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole ule uliowapokelea wengine. Sisi hatutakusahau, Siwema, na kila tutakaposhika reli tutakutaja.