Bareti Mbili za Tantine Mado

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefagia duka la Tantine. Nimejaza karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Nimewapa wateja nakala zao bila kuwatazama usoni. Kila siku ni hivyo.

Sijawahi kufungua kompyuta nikaona ndani yake. Hata moja. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio.

Diploma yangu inasema nimesoma informatique. Kweli nimesoma. Mwalimu alichora kompyuta ubaoni kwa chaki, sisi tukaichora kwenye madaftari, tukaikariri. Hakukuwa na kompyuta darasani. Mimi nilikariri kuliko wote. Kwa hiyo hapa nyumbani wanaamini najua.

Tantine Mado, mdogo wa mama, anaamini kuliko wote. Kompyuta ya duka lake ilikufa mwezi uliopita. Wanafunzi wanaotaka kuchapiwa kazi zao za mwisho wanapita mlangoni na kwenda kwa jirani. Hapa Kenya, komini ya mji wetu, si ile nchi, jirani hawakosekani. Basi Tantine ameuza friji yake kubwa, ile aliyouzia samaki wa ziwani wa Kilwa, ili anunue vipande vya kompyuta mpya. Rafiki yake anayefanya biashara Dubai ameondoka na orodha ya vitu vya kununua.

Orodha hiyo niliiandika mimi. Ubao mkuu, ule wanaouita carte mère: wowote mzuri, mpya. Bareti mbili za kumbukumbu, vile vijiti bapa vya kuchomeka kwenye ubao, za giga nane nane: aina ya DDR3. Hapo nilipiga mstari chini mara mbili, kwa sababu daftari langu linasema DDR3 ndiyo mpya kuliko zote.

Vitafika Ijumaa. Ninaogopa.

Jumatano, 11 Septemba

Nimelinganisha daftari langu na la dada yangu mkubwa. Yeye alimaliza shule miaka saba kabla yangu, kwa mwalimu yuleyule. Yanafanana neno kwa neno. Hata mchoro wa bareti ni uleule, na humo pia DDR3 ndiyo mpya kuliko zote.

Miaka saba. Na mwalimu naye maneno hayo aliyatoa wapi?



Ijumaa, 13 Septemba

Vimefika. Tantine amevipanga mezani juu ya kitambaa cheupe kama vyombo vya misa. Amemwita mama wa mikate na mshonaji wa mlango wa pili waje kuona. Akasema, "Mutoto wangu njo atajenga mashini. Bengine banalipa fundi. Miye niko na wangu ku nyumba." Mshonaji akaniuliza kama nitaweza kutengeneza na cherehani yake. Wote wakacheka. Nikatazama miguu yangu.

Maboksi ya bareti ni mazuri sana. Meusi, na maandishi ya fedha. Tantine hataki yatupwe.

Nimeomba siku ya kusoma kwanza. Amenipa hadi Jumatatu.

Jumamosi, 14 Septemba

Tantine alikuwa sokoni. Nimefunga mlango. Daftari linasema gusa chuma kwanza, umeme wa mwili unaua vipande. Nimegusa kitasa. Nimegusa miguu ya kiti. Nimerudi kugusa kitasa.

Bareti haiingii.

Ina mwanya mdogo chini. Kwenye ubao, ndani ya nafasi yake, kuna kizuizi kinachopaswa kuingia katika mwanya huo. Havikutani. Vimepishana kwa upana wa ukucha. Nimeigeuza upande wa pili. Imekuwa mbaya zaidi. Nimesukuma kidogo. Ubao ukalia, mlio mwembamba, kama kijiti kinachotaka kuvunjika.

Nimeacha. Nimeikalia mikono yangu.

Huenda nimeuvunja. Sijui ubao uliovunjika unafananaje.

Jumapili, 15 Septemba

Kwenye misa Tantine alitoa shukrani kwa ajili ya mashine ambayo haipo. Nilitamani sakafu inimeze.

Nilipanga kumwambia njiani. Alikutana na msichana wa chuo kikuu, akamwambia alete kazi yake Jumatano, itachapwa. Nikambebea tu Biblia yake hadi nyumbani. Friji imeshaondoka. Kompyuta isipowaka hatuna samaki wala karatasi.

Mchana nimenakili kwenye karatasi kila neno lililoandikwa juu ya ubao, hata yale madogo kama mchanga. Huenda kuna mtu anayeyaelewa. Sijui ni nani. Nimenakili tu.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimedanganya kwamba ninaumwa tumbo. Halafu tumbo likauma kweli.

Jumanne, 17 Septemba

Kuna mzee anayetengeneza kompyuta nyuma ya soko, Papa Kazadi. Meza yake imejaa mashine zilizopasuliwa. Nilificha bareti zote mbili ndani ya karatasi ya fedha ya biskuti, nikatembea nikigusa kila lango la chuma njiani. Watu walinitazama.

Nilisimama mbele ya meza yake muda mrefu bila kusema. Mwishowe yeye akasema, "Mama, unauzisha ao unanunua? Ao unangoya bus?"

Nikampa bareti na karatasi. Nikasema haziingii. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Hakusoma hata robo ya karatasi. Aliweka kidole chenye grisi kwenye mstari wa tatu. DDR4. Imeandikwa pembeni mwa nafasi za bareti, nami nilikuwa nimeinakili mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, bila kuiona. Macho yangu yalikuwa yanalisikiliza daftari.

"Nani alikuambia DDR3?"

"Ku masomo."

Alicheka, lakini si kwa ubaya. Akasema nafasi ya DDR4 haitaipokea DDR3 hata nikiisukuma kwa nyundo. Halafu akazigeuza zangu kwenye mwanga. Mpya kabisa. Akasema mashine za zamani ndizo nyingi hapa Kenya, na zote zinalilia hizi. Akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa bareti, akachagua mbili za DDR4 za kubadilishana na zangu. Moja ya giga nane, moja ya nne. Zimetumika. Moja ina mkwaruzo.

Nikamuuliza kama zitapatana, maana hazina mbio sawa.

"Zitapatana. Ile ya mbio itangoya ile ya polepole. Ni sawa vile unaendaka ku kanisa na nkambo yako muzee."

Nikakubali. Nimetoa vitu vipya vya Tantine nikarudi na vya kwenye kopo. 

Jumatano, 18 Septemba

Tantine alisimama nyuma yangu na rozari. Bareti ya kwanza iliingia. Ya pili iliingia. Nikabonyeza. Feni ikazunguka. Kioo cheusi. Mlio mmoja mrefu, tena, tena.

Nyuma yangu shanga za rozari zikasimama. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikazima. Nikagusa chuma. Nikabonyeza bareti kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu kuliko nilivyothubutu kabla, hadi nikasikia tak pande zote mbili. Kumbe ya pili ilikuwa imeegemea tu.

Ikawaka.

Tantine akanishika kichwa, akalia. Msichana wa chuo alikuja saa tisa. Tumechapa kurasa arobaini.

Jumapili, 22 Septemba

Leo tumefunga. Kimya. Mijakaranda ya barabarani imeanza kuchanua.

Sasa nimefungua kompyuta moja. Ninajua sauti ya bareti inapokaa mahali pake. Hilo ni langu, halikutoka ubaoni.

Lakini kila asubuhi ninapoiwasha ninazuia pumzi. Kwenye kioo panaandikwa giga kumi na mbili, kwa kitambo kidogo tu, nami ninasimama mbele ili pasisomwe. Tantine ameweka yale maboksi mawili meusi kwenye rafu ya juu, karibu na picha ya Bikira Maria. Anayapangusa vumbi kabla ya kufungua mlango. Kila moja limeandikwa nane. Wateja wake ni watu wa chuo. Wanajua kujumlisha.

Nitamwambia. Si wiki hii.

Wewe uliyelifungua daftari hili, sikujui, lakini nakuomba. Usimwambie Tantine. Na siku ukipita dukani ukayaona maboksi yake, yasifie tu. Usijumlishe. Nane na nane haziwi kumi na mbili.