Agizo Nililomwachia Karani

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, na juu ya hizo uongeze nyingine. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti linakubeba, na shemeji bado anakoroma kwa afya njema. Sisi hatujambo. Wifi yako mzima, watoto wazima, mimi mzima isipokuwa mgongo, nao tumeshazoeana. Najua umeshangaa kuona bahasha. Kaa kitako kwanza, halafu unisome polepole, mwandiko wangu unaujua.

Kazi ya kufuli inakwenda vizuri. Nimehamia chumba kikubwa zaidi, baina ya fundi viatu na mpiga picha, na mashine ya kuchonga funguo hailali. Juzi nilimfungulia bwana mmoja aliyejifungia nje akiwa na taulo tu. Mtaa mzima ulitoka kunisaidia kumtazama.

Kwa kuwa mikono yangu kutwa nzima ina grisi, mwanangu mkubwa aliniwekea kwenye simu msaidizi wa akili mnemba. Mimi namwita Karani. Unasema, anaandika, anatuma, wewe hugusi kitu. Ukimwambia afanye jambo leo, atalifanya leo na yamekwisha. Ukimwambia alifanye kila mara, atalishika mpaka umwambie aache. Nilimwagiza kila mara awaandikie wateja kwa adabu, na kamwe asitaje ufunguo uliochongwa ni wa mlango gani. Hajakosea hata siku moja.

Sasa nije kwa binti yako. Tangu aje mwezi uliopita kuanza chuo, nyumba imechangamka. Anamfundisha wifi yako kuendesha baiskeli, na ukuta wa jirani umeshagongwa mara mbili. Jumapili tumekaa sebuleni, akaniuliza, kwa heshima lakini amenikazia macho, kwa nini namwandikia mama yake kama natoa tangazo la kukatika kwa maji.

Nilicheka. Nikamwambia mama yake ndiye mgumu: mimi namwaga maneno mpaka koo linakauka, yeye ananijibu “Sawa” au “Asante”. Sikufichi, dada, nilikuwa na kinyongo. Wifi yako amechoka kunisikia nikilalamika kwamba umenifanya mtu baki. Kupiga simu nako, nilijiambia nikusubiri uanze wewe. Binti yako hakubishana nami. Alitoa simu yake akanionyesha jumbe zangu, ulizomtumia ukimuuliza kama anajua mjomba wake ana nini na wewe.

Nikazisoma. “Watoto wamefaulu.” “Nimehama duka.” Na ule wa siku uliyopasuliwa: “Nimepata habari za goti. Pona.” Siku ile nilizima mashine, mteja amesimama ananisubiri, nikaongea na Karani mpaka nikalia mbele ya mteja. Kumbe wewe, umelala hospitali, umeletewa maneno matano.

Binti yako alidhani Karani ameharibika, akachukua simu yangu, akafungua pale yanapowekwa maagizo ya kudumu ili aangalie. Yalikuwapo yale mawili ya wateja, na lingine chini yake. Alilisoma, akanirudishia simu, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Dada, Karani hakuharibika. Lile agizo ni langu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nililitoa wiki ile uliyompa jirani yako cherehani cha mama bila kuniuliza. Nilitoka kwako nimevimba, nikamwambia Karani kwamba kila mara nikimwandikia dada, aandike kwa ufupi, aondoe maneno yote ya mapenzi, na asimwombe kitu chochote. Ningeweza kusema iwe leo tu. Nilisema kila mara kwa sababu siku ile nilimaanisha hivyo. Hasira yenyewe haikumaliza mwezi, na agizo nikalisahau kabisa. Yeye hakusahau. Miezi kumi amekununia kwa niaba yangu, na mimi nikakulaumu wewe uliyenuniwa. Hata hivyo ulinikabidhi mwanao nimlee. Naona aibu, dada. Nisamehe.

Agizo nimelifuta jioni ileile. Lakini maneno ya siku ya goti hayakuhifadhiwa popote, binti yako ametafuta. Basi nakuandikia ninavyoyakumbuka. Nilisema naogopa kisu hicho kuliko wewe unavyokiogopa. Nilisema cherehani ulifanya vizuri kumpa jirani, mama mwenyewe angempa. Nilisema ukiondoka sina mtu mwingine wa kugombana naye akanielewa. Mwisho nikakuuliza kama unataka nije nikae nawe mpaka utembee. Ukajibu “Asante”. Nikaona ndiyo hutaki, nikabaki nyumbani.

Msalimie sana shemeji, na wote wanaoniulizia. Wifi yako na watoto wanakusalimu. Barua hii anakuletea binti yako mwenyewe, anakuja kwenu Ijumaa kwa likizo fupi. Mpe jibu anirudishie. Swali ni lilelile nililokuuliza ukiwa hospitali na halikukufikia: dada, nije?

Mimi mdogo wako,
Fundi Kufuli