Anapoanza Kubweka

Dada yangu mpendwa,

Mtoto hajambo, ameota jino la pili. Habari kubwa ni ya mbwa. Anabweka na kukwangua mlango mpaka shemeji yako akataka tumtupe. Nilimsihi kwanza tumpeleke kwa daktari wa mifugo, na leo tukaenda, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni.

"Anataka kuangaliwa tu," daktari alisema. "Akibweka mpeni mgongo, akinyamaza mpapaseni. Msimkaripie, maana hata kukaripiwa anakupenda. Huwa anaanza wakati gani?"

"Ovyo tu," shemeji yako akajibu, huku mkono wake ukinibana bega.

Nilitazama sakafu. Kisha nikajisikia nikisema, "Anaanza mume wangu akininyanyulia mkono. Huja akasimama kati yetu."

Daktari, mama mtu mzima, aliweka kalamu chini. Shemeji yako alitoka na kubamiza mlango, naye daktari akaufunga kwa ufunguo.

Nakuandikia hapa mezani kwake. Anayekuletea barua hii ni msaidizi wake, anasubiri jibu. Dada, una nafasi ya kutupokea mimi, mtoto na mbwa? Tafadhali mjibu upesi. Kuna mtu anazunguka nje.

Mdogo wako