Kisu Chako Kimebaki Mlangoni

Mama,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi, ghorofa ya nne, katikati ya jiji. Chuo kimoja kinatafuta mwalimu wa Kiingereza, na leo nafundisha mbele ya watu watatu watakaoamua. Somo walilonipa ni lile lile lako: maneno yanayotoka kwenye kitenzi lakini yakafanya kazi nyingine.

Tangu tukuzike, sebule yetu ya Waithaka haijafunguliwa kwa wanafunzi wako wa jioni. Wanapita langoni wakiulizia. Nawaambia bado. Ukweli ni kwamba naogopa kukalia kiti chako, na nikikosa kazi hii sidhani nitathubutu tena kusimama mbele ya darasa.

Nimesoma vitabu mpaka nikachanganyikiwa. Ndipo nikakumbuka sufuria yako ya viazi. Kila mwanafunzi, hata karani aliyekuja na tai, ulimpa kiazi amenye. "Shika kiazi kwanza, kalamu baadaye." Kisha unaanza. "Peeling is tiring": kazi yenyewe ya kumenya ndiyo inayozungumziwa, imekaa kitini kama mgeni. "A peeled potato": kazi imekwisha, sasa inatueleza kiazi kilivyo. "I want to peel": mikono haijagusa kitu, ni nia tu. Watu walicheka, wakaelewa.

Basi asubuhi nikapitia sokoni Dagoretti, nikanunua viazi, nikatia mkobani kisu chako cha mpini uliofungwa kamba. Mwanao na digrii yake akasahau kwamba mjini mikoba hupekuliwa kila mlango. Soja anayelinda mlango wa chini alikitoa akanitazama juu chini. "Madam, hii kisu haiwezi panda juu. Utachukua ukitoka."

Nusura nilie pale pale. Sasa aliyenitangulia anacheka na wale watatu huko ndani, nasikia, na mimi nina viazi bila kisu. Nimekukasirikia, Mama. Ungengoja kidogo tu.

Nimetoa kiazi kimoja nikakibana kwa hasira. Ganda likateleza likatoka chini ya kidole gumba, bila kisu. Kumbe nilichagua vile vichanga ulivyozoea kunituma ninunue, bila hata kufikiria.

Mlango unafunguliwa. Nitampa kila mmoja wao kiazi. Lala salama, Mama. Wanichukue wasinichukue, nitapitia kwa soja nichukue kisu chako, na jioni hii taa ya sebule itawaka.