Nusu ya Hadithi ya Sungura na Kisima

Mwamini mjukuu wangu, huku Kabambare tuko wazima. Mjomba wako amepata pikipiki. Sasa tunatafuta barabara.

Unaomba hadithi nzima ya Sungura na kisima, watoto wa shule huko Kasongo wajifunze kwenye tableti namna ya kugawana maji. Mimi ninayo nusu tu; nimekuandikia nyuma ya barua hii.

Nyanya yangu alikuwa akitusimulia hadithi huku tukimenya karanga, na wimbo wa hadithi usipoitikiwa hakuendelea. Mwaka alipoanza hii ya kisima, wenzangu wote walikuwa wamekwenda kuchimba dhahabu Salamabila. Nikaitikia peke yangu.

“Wimbo ya mutu mumoja ni kikohozi,” akasema, akaachia hapo. Waliporudi, tulikuwa tumeshamzika.

Usiimalizie kwa akili zako, ingawa ni nyingi. Pale nyanya aliponyamaza, mashine nayo inyamaze. Labda mtoto mmoja atakwenda kumuuliza nyanya yake.

Babu yako