Sayari ya Nizigama

Songo, Uvira

Kwako kaka Jean-Berchmans,

Mvua imenyesha, dagaa nilizoanika zimeoza. Barua yako imefika: kurasa tatu za mchezo wako wa kompyuta, jinsi unavyochagua nyota za kupima, eti vyombo vyako ni vichache. Pole sana, chifu wa mbingu! Sayari moja weye uliipa jina la mama yetu, Nizigama, kisha ukaipita bila kuipima, eti haina dalili ya uhai.

Vita imefika Mutarule, kijijini kwa mama. Nyumba ya mama imeungua. Alikimbia kwa miguu hadi kwangu, na tangu hapo hasemi. Jana tu alifungua mdomo, akauliza: "Jean iko anakula vizuri?"

Ni mimi dada yako wa hapa duniani,
Irakoze