Baba wa Ile Nyekundu

Jumatatu, 3 Februari
Safari sita kabla ya saa nne. Mama mmoja na mbuzi yake, kutoka Kakuma mjini mpaka kambi. Mbuzi ilikaa vizuri kuliko mama. Mguu wa kushoto umelala tena. Nakanyaga gia, sisikii kama nimekanyaga. Lazima niangalie chini.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeanguka steji, pale tunapongojea abiria. Nikiwa nimesimama! Ekai, rafiki yangu wa steji, akaita watu wote: "Kujeni muone, Apaloreng amelewa na bado saa tatu!" Wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Sijaonja pombe tangu Krismasi. Lakini afadhali mlevi. Mlevi kesho anapata abiria. Mgonjwa nani atapanda pikipiki yake?

Apaloreng. Mzee wangu aliitwa jina ya dume lake la ng'ombe, na baba yake pia. Mimi dume sina. Niko na pikipiki nyekundu. Basi Apaloreng, baba wa nyekundu. Ilianza mchezo, sasa hata mama yangu ananiita hivyo.

Alhamisi, 20 Machi
Lodwar, hospitali. Daktari amesoma picha ya kichwa niliyopigwa Eldoret. Ugonjwa ni wa neva. Jina ni Kizungu refu, kifupi yake MS. Nikauliza itaisha lini. Akasema yangu ni ile ya kwenda mbele pole pole, hairudi nyuma. Pikipiki niache. Halafu akasema nikae mbali na joto, joto inazidisha.

Nikamwangalia. "Daktari, hii ni Lodwar. Hapa hata kivuli inatoka jasho."

Akacheka. Nikacheka. Nikaenda choo nikafungua mfereji, nikalia.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemwambia mke wangu Akiru ni kukosa damu. Amenipikia maini. Nimekula yote. Naona haya.

Pikipiki sijaacha. Nikiacha nitaitwa nani?

Jumatano, 7 Mei
Nimenunua fimbo, na kile kiti kidogo cha mbao cha wazee. Natembea navyo kama mtu ametoka malishoni. Hakuna anayeuliza. Hapa mwanaume na fimbo ni mwanaume tu. Ekai akanisalimu: "Ejok, mzee! Mbuzi zako ziko wapi?" Nikamwambia zimeenda shule.

Nikiendesha naifunga fimbo kando ya tangi. Asubuhi niko sawa. Jua ikipanda, miguu ni ya mtu mwingine.

Jumanne, 10 Juni
Saa nane, jua kali. Akiru alikuwa nyuma yangu. Tukiteremka kwa lagga, ule mto mkavu, mguu wa kulia ukakataa breki. Nauambia kanyaga, haukanyagi. Tukaingia mchangani. Mkono wake umevunjika.

Nilisema breki ni mbovu. Ekai akaja akaipima mara mbili. Breki nzima. Akaangalia fimbo. Akaniangalia mimi. Hakucheka.

Ni mimi nimemvunja Akiru. Sio ugonjwa. Mimi, na huu uongo.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia yote. Alikuwa amekaa, mkono kwa plasta. Kisha: "Na maini yote ile nilikupikia?"

Nikacheka. Akanipiga na ule mzima. Halafu akalia, nikalia, na hakuna mfereji hapa kwetu wa kufungua.

Jumamosi, 28 Juni
Nimempa Ekai ufunguo wa pikipiki. Yeye atafanya kazi nayo, tutagawana. Nikamwambia, "Sasa Apaloreng ni wewe."

"Wacha ujinga," akasema. Akaondoka nayo. Niliisikia mpaka kona ya kanisa. Kuna mtu anaibadilisha gia vibaya na mimi nimekaa.

Siku mbaya kuliko ya Lodwar.

Jumapili, 13 Julai
Mkono wa kushoto pia umeanza. Naandika na wa kulia, lakini daftari inateleza, Akiru ameishikilia. Nimemwambia asisome. Anasoma.

Mchana nimekaa mlangoni, kitambaa ya maji kichwani. Jioni nikasikia sauti ya pikipiki kabla ya kuiona. Nikafikiri Ekai amepitia tu salamu. Akazima, akaisimamisha mbele ya mlango wangu, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Dume hailali kwa watu wengine," akasema. "Asubuhi nitakuja kuitoa." Akaenda kwake na miguu.

Nikasogeza kiti. Nikaipangusa tangi na kitambaa ya kichwa changu, vumbi ikatoka, nyekundu ikarudi. Injini ilikuwa moto sana.

Nimekaa nayo mpaka ikapoa.